Machozi ya Mama Monika: tunayoyahubiri na yaliyoandikwa

Kila mwaka, tarehe 27 ya mwezi wa nane, Eklezya inapomkumbuka Mtakatifu Monika, wengi wetu tunarudia hotuba ile ile. (Zamani sikukuu yake ilikuwa tarehe 4 ya mwezi wa tano, ni kalenda ya mwaka 1969 iliyoihamisha na kuiweka karibu na sikukuu ya mwanawe, Mtakatifu Agostino, tarehe 28 ya mwezi wa nane.) Hotuba yenyewe twaijua sote. Palikuwa mama mkristu, mtoto wake akapotea, mama akalia miaka 17, Mungu akamsikia, mtoto akabatizwa, tena akawa askofu na mwalimu wa Eklezya nzima. Basi, enyi wamama, lieni, salini, na watoto wenu watarudi. Hotuba hiyo ni fupi, yashikika upesi, na wamama wanaipenda. Mimi mwenyewe niliitoa miaka mingi bila wasiwasi.

Mwaka mmoja, baada ya Misa ya sikukuu ile, mama mmoja alinifuata mpaka mlango wa sakristia. Alingoja kwanza watumishi wa Misa waondoke, halafu akasema: «Padri, mimi nililia kuliko Monika. Mwanangu alikwenda machimboni, akaacha Sakramento, akaacha mke wake, hakutaka tena kuniona. Udongo ukamwangukia ndani ya shimo. Alikufa bila padri. Machozi yangu yalipungukiwa nini?»

Nilimjibu maneno ya desturi. Aliitikia kwa heshima, akapiga goti, akaenda zake. Lakini niliona wazi kwamba sikumfariji, tena kwamba hotuba yangu ya asubuhi ndiyo iliyomchoma. Maana ukisema kuwa mtoto wa Monika alirudi kwa sababu mama yake alilia, umesema vilevile, hata usipotaka, kuwa mtoto asiyerudi alikosa mama wa kumlilia vizuri.

Ndipo nilipokishika tena kitabu cha Maungamo, siyo kutafuta mfano wa hotuba, bali kukiuliza swali la mama yule. Haya ninayoyaandika hapa ni matunda ya kusoma kule. Nasema mapema ninachofikiri: hotuba yetu na kitabu cha Agostino si kitu kimoja. Sisi tumekata kitabu katikati, tukachukua kipande kitamu, tukaacha kile kinachofariji kweli.

Kwanza tukiangalie kitabu chenyewe. Agostino alizaliwa mwaka 354 huko Tagaste, mji mdogo wa Afrika ya Kaskazini, mahali panapoitwa leo Souk Ahras katika nchi ya Algeria. Baba yake Patrisio alikuwa mpagani, akabatizwa karibu na mwisho wa maisha yake. Kitabu aliandika baadaye sana, kama kati ya mwaka 397 na 401, alipokwisha kuwa askofu wa Hipo. Mama yake alikuwa amekufa tangu mwaka 387. Tena hasemi nasi: anasema na Mungu, nasi tunamsikiliza kama watu waliosimama nyuma yake kanisani. Jambo hili lina maana kubwa. Mwandishi anajua mwisho wa safari. Kila chozi la mama yake analitazama kutoka upande wa pili wa mto. Lakini Monika alipokuwa analia hakujua mwisho. Tukitaka kuwafariji watu ambao hawajui mwisho, yafaa tumtazame Monika katika siku zake mwenyewe, kabla hajavuka.

Ile hesabu ya miaka 17 hutaiona katika Maungamo. Imepatikana kwa kutoa mwaka mmoja katika mwingine, tangu kijana alipokwenda Kartago kwa masomo mpaka ubatizo wake. Agostino mwenyewe anahesabu miaka 9 aliyokaa na Wamanikeo, watu waliofundisha kwamba asili ya ulimwengu ni mbili, nuru na giza, zikipigana. Si kosa kubwa kuhesabu. Ila hesabu ikisemwa juu ya altare inageuka bei: mtu anafikiri kwamba akilipa miaka yake, ana haki ya kupewa mali.

Sasa tufike kwenye kitabu cha tatu, ambacho wahubiri wanakipenda kuliko vyote. Humo mna mambo matatu, nao kwa kawaida wanataja mawili tu, ndoto na askofu. La tatu ni meza.

Agostino anatuambia kwamba alipoingia dini ya Wamanikeo, mama yake alikataa kukaa naye nyumbani na kula naye mezani, kwa namna alivyochukizwa na uzushi ule. Wazee wetu wanalielewa jambo hilo bila kufafanuliwa: kumnyima mtu chungu ni kumwambia kwamba si wa nyumba tena. Halafu mama akaota. Alijiona amesimama juu ya ubao ulionyoka, mfano wa ule wa seremala wa kupimia, akiwa katika huzuni. Akamjia kijana mwenye kung'aa na kutabasamu, akamwuliza sababu ya kilio chake, akamwambia atazame: pale alipo yeye, ndipo alipo mwana wake. Akatazama, akamwona amesimama kando yake juu ya ubao ule ule. Alipomweleza Agostino, huyu, kwa ujanja wa mwanafunzi, akataka kugeuza maana: kumbe wewe ndiwe utakayekuja kwangu! Mama akajibu mara moja kwamba hakuambiwa hivyo. Agostino anakiri kuwa jibu lile la upesi lilimgusa kuliko ndoto yenyewe.

Lakini ndoto ilibadili nini? Kijana hakubadilika hata kidogo. Alibaki katika matope yake karibu miaka 9 mingine, yeye mwenyewe anasema. Aliyebadilika ni mama. Kutoka siku ile alikubali tena kukaa naye na kula naye. Faraja aliyopewa, basi, haikuwa kurudi kwa mtoto. Ilikuwa nguvu ya kumpakulia chakula mtoto ambaye bado hajarudi, bila kukubali uzushi wake, na bila kumfukuza. Nashangaa kwamba katika hotuba zote nilizosikia juu ya Monika, na katika zangu, sikumbuki hata moja iliyotaja meza hiyo. Na hata hivyo ni jambo la kwanza ambalo wazazi wanatuuliza: «Mwalimu, mwanangu ameingia dini nyingine, nimpe chakula?» «Binti yangu anakaa na mume wa mtu, nimfungulie mlango?»

Baada ya ndoto anakuja askofu, ambaye Agostino hakutaja jina lake. Monika alimwendea na kumwomba azungumze na mwanawe, amshinde kwa hoja. Askofu akakataa. Akaeleza kwamba kijana bado ana kiburi cha mambo mapya, hafundishiki. Amwache hapo alipo, amwombee tu. Kwa kusoma atavumbua kosa mwenyewe. Tena akaongeza kisa chake: yeye naye alipokuwa mtoto, mama yake aliyedanganyika alimtoa kwa Wamanikeo, akasoma na kunakili karibu vitabu vyao vyote, akatoka bila mtu kubishana naye. Monika hakuridhika, akazidi kumsihi na kulia. Ndipo askofu, akiwa amekwisha kuchoka, tena kwa uchungu kidogo, akamwambia aende zake, maana mtoto anayeliliwa hivyo hatapotea.

Neno hilo limeshonwa katika vitambaa, limechorwa katika picha takatifu, limekuwa kama fundisho la imani. Lakini tulisome lilivyoandikwa. Ni neno la mchungaji aliyechoka akimwambia mama mmoja, mlangoni, siku moja. Agostino anasema kwamba Monika alilipokea kana kwamba limetoka mbinguni. Hasemi kwamba Mungu amelitangaza kuwa sheria kwa wamama wote wa dunia. Na sehemu yenye mafundisho zaidi kwetu mapadri ni ile ya kwanza, askofu anapokiri kuwa hoja zake hazitafaa, na badala yake anamwonyesha mama maisha yake mwenyewe. Wangapi kati yetu wangekubali kumwambia mzazi: mimi pia nilipotea?

Hapa lazima nikubali kwamba kuna mahali ambapo kitabu kinanisumbua. Ni katika kitabu cha tano. Agostino, mwenye umri wa miaka 29, amefika Roma; anapatwa na homa kali karibu ya kufa; wala haombi ubatizo. Akikumbuka siku zile anajiuliza: kama ningalikufa pale, ningalikwenda wapi? Anajibu bila huruma kwa nafsi yake: motoni. Tena anasema haoni jinsi moyo wa mama yake ungaliweza kupona jeraha hilo. Huyu ndiye mwana wa mama wa sakristia, ndugu wasomaji, mgonjwa mahali pa ugeni, mbali na Sakramento, na mama hajui lolote. Halafu Agostino anauliza kama Mungu wa rehema angaliweza kudharau moyo uliopondeka wa mjane huyo. Na anajibu kwamba haiwezekani.

Mtu atasema: unaona, hotuba yetu imesimama! Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka nilipoisoma sehemu ile polepole, kwa kilatini. Agostino anataja machozi na sadaka za mama yake, ndiyo. Lakini anapofika kutoa sababu ya mwisho, anashika jambo jingine: kwamba Mungu hawezi kumdanganya Monika katika maono na majibu aliyompa. Yaani tumaini lake limefungwa na ahadi. Monika aliahidiwa, basi aliweza kudai. Naye alidai kila siku katika sala, kama mtu anayeonyesha hati yenye sahihi ya mwenye deni. Mama asiyepewa ahadi ile hawezi kuidai, wala sisi hatuna ruhusa ya kumwandikia hati ambayo Mungu hakuitia sahihi. Nina hakika kwamba tofauti hii, kati ya machozi na ahadi, ndiyo iliyopotea katika mahubiri yetu, na kupotea kwake kumeumiza watu.

Je, asiye na ndoto amebaki na nini?

Turudi nyuma kidogo, kabla ya homa ile, bandarini Kartago, mwaka 383. Agostino anataka kuvuka bahari; mama amemshikilia, ama arudi naye nyumbani ama wasafiri pamoja. Kijana akamdanganya. Akasema ana rafiki anayengoja upepo, hawezi kumwacha peke yake. Akamshauri mama alale usiku ule katika kikanisa cha Mtakatifu Sipriano karibu na chombo. Usiku mama akasali, akilia, akiomba jambo moja tu: mwana asiondoke. Asubuhi upepo ulikuwa umevuma na chombo hakipo. Mungu alikuwa amemnyima alichoomba, kwa maneno yale yale aliyokuwa anayasema. Na Agostino anafafanua: alimnyima la usiku ule kusudi ampe lile aliloliomba siku zote, maana njia ya kumfikia Ambrosio wa Milano, na ubatizo, ilipita katika safari ile ya uongo.

Hata hivyo hasemi kwamba mama alifurahi. Alipiga makelele ufukoni, akamlaumu mwanawe kwa udanganyifu na ukatili. Tena Agostino, anayempenda mama yake kuliko mtu yeyote, anathubutu kusema kwamba katika machozi yale mlikuwamo pia kitu cha kimwili: alitamani kuwa naye karibu, kama wamama wote, na kuwazidi wengi. Hapo kitabu ni cha kweli kuliko picha zetu takatifu. Katika kulia kwetu juu ya aliyepotea, mna upendo wa roho yake. Mna pia aibu mbele ya majirani, na hasira ya kuachwa, na hofu ya uzee bila mtu wa kututunza. Mungu hakungoja machozi ya Monika yasafishwe kwanza ndipo ayapokee. Baada ya kulaumu, asema mwandishi, alirudi tena kumwombea yule yule aliyemdanganya, akaenda nyumbani kwa kazi zake.

Ningependa wakatekista wasome pia mwanzo wa kitabu cha sita, kwa sababu huko Monika ni mama wa Kiafrika kabisa. Amemfuata mwanawe hadi Milano, mwaka 385. Kama alivyozoea kwao, anapeleka makaburini mwa watakatifu kikapu chenye uji, mkate na divai. Mlinzi wa mlango anamzuia: askofu Ambrosio amekataza, maana desturi ile inafanana mno na matambiko ya wapagani kwa wafu wao, nayo inawapa walevi nafasi. Monika anatii mara moja, bila manung'uniko. Agostino anaonekana kushangaa jambo hilo. Anasema pengine asingalimtii mtu mwingine. Mama ambaye kila siku alimwomba Mungu ageuze moyo wa mwana, yeye mwenyewe aligeuka katika uzee wake, ugenini, mbele ya mlinda mlango.

Na katika kitabu kile kile twaona kwamba hata Monika alikosa ndoto. Alipokuwa anamtafutia Agostino mke wa ndoa halali, alimwomba Mungu amwonyeshe kitu juu ya ndoa ile, tena kila siku, na mwana naye akamhimiza aombe. Akaona mambo ya ovyo tu, ya kutungwa na mawazo yake mwenyewe, wala hakuyasadiki. Alisema anaweza kutambua, kwa ladha asiyoweza kuieleza, tofauti kati ya ufunuo wa Mungu na ndoto za roho yake. Yafaa jambo hilo lifundishwe sana, siku hizi ambapo katika kila mtaa wa miji yetu yupo mtu anayeuza ndoto kwa wazazi wenye huzuni. Monika, aliyepewa ndoto moja ya kweli, alizitupa nyingine.

Lakini kuhusu ndoa ile siwezi kupita kimya. Agostino alikuwa amekaa miaka zaidi ya kumi na mwanamke mmoja bila ndoa; wamezaa mwana, Adeodato. Ili nafasi ya mke wa heshima ipatikane, mwanamke yule aliondolewa, na mchumba aliyechaguliwa alikuwa msichana ambaye bado alipungukiwa miaka miwili kufikia umri wa kuolewa. Monika ndiye aliyeshughulika sana na mipango hiyo. Mwanamke akarudi Afrika, akiweka nadhiri kwa Mungu ya kutomjua mwanaume mwingine, akamwacha mtoto kwa baba. Agostino anasema moyo wake ulichanika na kutoka damu. Lakini jina la mwanamke halitaji, wala hatuambii nani alimfariji. Nadhani hapa kitabu kina tundu. Wale kati yetu waliowahi kusimamia kufunga ndoa za kanisani, baada ya mwanaume kuwaacha wanawake wengine, wanajua ni nani waliobaki nje siku ya arusi, na watoto wao mkononi. Katika hadithi hii aliyekaa karibu zaidi na utakatifu, siku ile, labda ni huyo asiye na jina. Monika alikuwa mtakatifu. Haimaanishi kwamba kila alichofanya kwa kumtafuta mwanawe kilikuwa chema.

Nafika sasa kwenye kitabu cha tisa, ambacho nakiona kuwa moyo wa jambo lote. Agostino amebatizwa na Ambrosio usiku wa Pasaka, mwaka 387. Wako Ostia, bandari ya Roma, wakingoja chombo cha kurudi Afrika. Hotuba zetu zinafunga kitabu hapa: mama amepata alichotaka, akafa kwa furaha. Ni kweli alisema kwamba hana tena la kutamani duniani. Lakini kurasa zinazofuata hazihusu furaha.

Monika alishikwa na homa, akafa siku ya tisa, akiwa na miaka 56. Tangu zamani alikuwa amejitayarishia kaburi karibu na la mume wake, kwao Tagaste, na alilihangaikia sana. Sasa mwana mwingine anasema ingefaa asife ugenini, naye anamtazama kwa macho ya kumkaripia. Anawaambia wauzike mwili wake popote, wasisumbuke. Neno moja tu anawaomba: wamkumbuke kwenye altare ya Bwana, po pote watakapokuwa. Kwa watu wetu, ambao hukopa fedha kusudi maiti isafirishwe mpaka kijijini, neno hili ni gumu kuliko la ndoto na la askofu. (Mwaka 1945 wavulana wawili, wakichimba shimo karibu na kanisa moja la Ostia, waligundua kipande cha jiwe lenye maandishi ya kaburi lake. Kwa hiyo kaburi alilolitayarisha hakulitumia kamwe.)

Na Agostino? Alizuia machozi yake kwa nguvu. Adeodato, kijana mdogo, alipopiga kelele za kilio alinyamazishwa. Wakamzika, wakatoa sadaka ya Misa karibu na kaburi, bado hakulia. Akaenda kuoga, kwa kuwa alisikia kwamba kuoga kunaondoa huzuni, haikumfaa kitu. Akalala, akaamka, na kitandani, peke yake mbele ya Mungu, akaacha machozi yatoke. Anaomba karibu msamaha kwa kumlilia, sehemu ndogo tu ya saa, mama ambaye alimlilia yeye miaka mingi.

Kisha anafanya jambo ambalo hotuba zetu hazitaji. Anaomba kwa ajili ya dhambi za Monika. Hamfanyi mtakatifu wa picha. Anasema hathubutu kudai kwamba, tangu ubatizo, halikutoka kinywani mwake neno lolote lililopinga amri ya Mungu. Tena kwamba hata maisha ya kusifiwa yana ole wake, Mungu akiyapima bila rehema. Anawaomba wote watakaosoma kitabu wamkumbuke altareni Monika pamoja na Patrisio. Hapo, katika kitabu kizima, ndipo jina la mama yake linapoandikwa, mara moja hiyo tu. Nasi tunapolisoma tunaombwa kusali kwa ajili yake, siyo kumwomba atufanyie kazi.

Tazameni basi alivyosimama Agostino pale. Anampenda mtu aliyekufa. Hana ndoto juu yake. Hana askofu wa kumhakikishia lolote. Hategemei machozi yake, maana yalikuwa machache. Ana altare tu, na rehema ya yule aliyekufa msalabani. Amesimama mahali pale pale alipokuwa amesimama mama yule wa machimbo. Najua tofauti: Monika alikufa katika Sakramento, na yule kijana chini ya udongo. Lakini Eklezya haikuambiwa kilichopita kati ya Mungu na mtu yule chini ya udongo, katika dakika zile. Na kwa hiyo inamtolea Misa. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ulipofundisha juu ya purgatorio, ulisema roho za wafu zinasaidiwa na sala za waamini, na zaidi ya yote na sadaka ya altare. Haukuwaagiza wafiwa walete kwanza habari za uhakika.

Miaka mingi baadaye, kama mwaka 421, Paulino, askofu wa Nola, alimwuliza Agostino kama yafaa kumzika mtu karibu na kaburi la mtakatifu. Katika kitabu kidogo alichomjibu, mzee anasema kwamba kama wafu wangekuwa wanatujia usingizini, mama yake, aliyemfuata kwa nchi na kwa bahari, asingemwacha hata usiku mmoja. Ingekuwa rahisi kusema kuwa alimwona katika ndoto. Watu wangesadiki na kushangilia. Anasema haji. Nafikiri mtu huyo alijua vizuri ukimya wa wapendwa wetu waliokufa, na hakutaka kuwadanganya wasomaji wake.

Nilimwendea mama yule nyumbani, wiki kadhaa baada ya sikukuu. Sikumwambia habari za askofu na machozi. Nilimweleza juu ya kikanisa cha Sipriano, na juu ya homa ya Roma, na jinsi Agostino alivyomwombea mama yake. Alisikiliza akiwa anachambua maharage. Aliuliza kitu kimoja tu: yule mwanamke aliyerudishwa Afrika, mtoto wake alirudishiwa? Nikamjibu kwamba kitabu hakisemi, na kwamba Adeodato alikufa kijana. Akatikisa kichwa, akaendelea na maharage yake.

Tarehe 2 ya mwezi wa kumi na moja alileta karatasi yenye jina la mwana wake, nikalisoma pamoja na mengine. Alikuja na mkamwana yule aliyeachwa. Katekista wa mtaa aliniambia baadaye kwamba wanakaa nyumba moja, na wanakula chungu kimoja.